Tuhesabu watu kabla ya kuogopa mawimbi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze kutoridhika kwangu na mazoea ya vyombo vyetu vya habari ya kuzungumzia bahari za hatari duniani kwa kuanza na Pembetatu ya Bermuda, eneo la Bahari ya Atlantiki linalosimuliwa kuwa humeza meli. Ni kweli kwamba meli ya jeshi la majini la Marekani, USS Cyclops, ilipotea katika njia hizo Machi 1918 ikiwa na watu 306, na haijaonekana hadi leo. Lakini Walinzi wa Pwani wa Marekani hawalitambui eneo hilo kuwa na hatari ya pekee, na meli hupita humo kila siku. Msafiri wa Unguja na Pemba hanufaiki na hadithi hiyo.

Zipo bahari zilizo kali kwa maumbile yake. Katika Mkondo wa Drake, mlango wa bahari ulio kati ya Amerika ya Kusini na Antaktika, pepo za magharibi huvuma kuizunguka dunia bila kukutana na nchi kavu ya kuzivunja nguvu. Karibu nasi zaidi, kwenye pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, mkondo wa Agulhas hushuka kwa kasi na kukabiliana na mawimbi yatokayo kusini-magharibi, na hapo huweza kuinuka wimbi kubwa kupita yote yanayolizunguka. Meli ya Waratah ilitoweka huko Julai 1909, ikitoka Durban kwenda Cape Town na watu 211. Hata hivyo, meli ya watalii Oceanos ilipozama katika pwani hiyohiyo Agosti 1991, watu wote 571 waliokuwamo waliokolewa, baadhi yao kwa helikopta.

Naomba wasomaji waulinganishe wokovu huo na misiba mitatu ya bahari za joto. Meli ya abiria Doña Paz iligongana na meli ya mafuta huko Ufilipino tarehe 20 Desemba 1987, moto ukawaka, na watu zaidi ya 4,000 wakafa, ilhali orodha rasmi ya waliosafiri haikufika hata 1,600. Le Joola ya Senegal, iliyotengenezwa kubeba watu 580 hivi, ilipinduka karibu na pwani ya Gambia tarehe 26 Septemba 2002. Walikufa zaidi ya 1,800 na kunusurika 64 tu. Nasi tulikuwa na Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi. Iliruhusiwa kubeba watu 645, na tume ya uchunguzi ilikuta kwamba ilibeba zaidi ya 2,000.

Mkondo wa Nungwi una nguvu, na kila nahodha wa visiwani anaujua. Lakini watu na shehena wakirundikwa juu ya sitaha, kitovu cha uzito wa chombo hupanda juu, kikilazwa na upepo au wimbi hakiinuki upesi, na abiria wanapokimbilia upande mmoja kwa hofu humaliza kazi ambayo bahari peke yake isingeiweza. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema baada ya kila msiba kwamba ajali haina kinga. Muumini anaamini kadari, nami ni mmoja wao, ila idadi ya wanaopanda hupangwa na binadamu aliyesimama langoni mwa bandari.

Napendekeza kila anayepanda ahesabiwe kwenye ngazi ya chombo, mtoto wa mgongoni akiwamo, badala ya kutegemea hesabu ya tiketi zilizouzwa, na orodha hiyo ibaki nchi kavu kabla kamba hazijafunguliwa. Idadi ikizidi, chombo kisiondoke, hata kama abiria wenyewe watalalamika kwamba sikukuu itawapita.

Kwako, Ndugu Mhariri, ninalo ombi moja. Kabla ya kila Idi, wakati abiria wa kwenda Pemba wanapoongezeka, gazeti lako lichapishe jina la kila meli na boti inayobeba abiria kati ya Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba, pamoja na idadi ya watu ambayo kila kimoja kimeruhusiwa kubeba, ili abiria aliye kwenye foleni aweze kuhesabu mwenyewe na kukataa kupanda.

Msomaji wenu,
Tanga