Propela isigande pichani

Mhariri,

Picha nyingi za Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, ikiwa angani huharibiwa na propela iliyoganda; ndege huonekana kama imezimika injini. Chanzo ni kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya sekunde 1/1000, inayofaa jeti.

Propela ya Spitfire ya toleo la Mk IX ina mapanga manne. Injini yake ya Merlin ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gia huipunguzia propela hadi takriban 950. Kwa 1/125 panga husogea nyuzi 45 hivi, na huo ndio ukungu wa mwendo ulio mzuri kuliko wote. Kwa 1/60 mduara hujaa, ila picha nyingi hutikisika.

Wanaokwenda kwenye maonyesho ya ndege ya Duxford, Uingereza, waanze na 1/250 kisha washuke. Miguu itulie, kiuno kifuate ndege hata baada ya kubonyeza. Mawingu meupe hudanganya kipimo cha mwanga, tumbo la ndege likatoka jeusi: ongezeni stopu moja, yaani mwanga mara mbili.

Mpenzi wa ndege za kale