Barua kwa mwanangu aliyeko Trieste, Italia

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimefurahi kwamba utahudhuria mihadhara inayotolewa hapo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kumuenzi marehemu Profesa Abdus Salam, yule mwanafizikia wa Pakistani, lakini uliposema kwamba utakaa nyuma na kusikiliza tu, usingizi ulinipaa. Usikae nyuma, mwanangu. Uliza.

Kumbuka kituo hicho kilitokana na nini. Salam alirudi kwao Pakistani, mjini Lahore, mwaka 1951 akitokea Cambridge, akajikuta hana mtu wa kujadiliana naye fizikia aliyoisomea, na mwaka 1954 akaondoka tena kwenda Uingereza. Upweke ule ulimuuma kiasi kwamba mwaka 1964 alianzisha kituo hicho, ili mwanasayansi anayetoka nchi zisizo na uwezo apate wenzake wa kubishana nao, kisha arudi kwao kuendelea na kazi. Wewe utamuenzije mtu huyo kwa kunyamaza?

Wala usiniambie kwamba Kiingereza chako hakitoshi. Ni wewe uliyenieleza, nikaelewa mimi nisiyesoma fizikia, kwamba Salam, Glashow na Weinberg walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kuonyesha kuwa nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya nyuklia zina asili moja, na kwamba chembe zilizotabiriwa na nadharia yao zilionekana mwaka 1983 huko CERN, ile maabara ya Ulaya ya kuchunguza chembe ndogo. Siku ile nilijivunia sana, ingawa sikukwambia. Andika swali lako usiku, ulibebe mkononi, na likikushinda kulisema, lisome kama lilivyo.

Ninajua ukimya huu hukuuokota huko. Mtoto anayeambiwa kila jioni kwamba maswali yake yanachosha wakubwa hulishika somo hilo kuliko masomo yote ya shuleni, na mama yako alinionya mapema. Basi uliza, hata kama sauti itatetemeka.

Paa la chumba chako limezibwa. Mdogo wako sasa anasomea kwenye meza yako, lakini nimemkataza kugusa daftari zako. Mama yako anauliza kama koti lako linauzuia huo upepo mkali wa Trieste mnaouita “bora”; mjibu yeye mwenyewe, kwa maana mimi haniamini.

Mihadhara itakapokwisha, usiniandikie tu aliyoyasema mhadhiri. Niandikie uliuliza nini.

Baba yako