Gari niliuza, jina langu likabaki barabarani

Kwa Mhariri,

Miaka miwili iliyopita niliuza gari langu aina ya Subaru Impreza WRX STI, la mwaka 2006, kwa kijana mmoja aliyelipa bei tuliyoafikiana bila kupunguza hata shilingi, akanishukuru kwa mikono miwili na kuondoka nalo kuelekea Nairobi. Mimi nilirudi nyumbani nikijua kwamba biashara yetu imekwisha. Mwezi Machi mwaka huu nikapigiwa simu na afisa wa trafiki kutoka kaunti ambayo sijaikanyaga kwa zaidi ya miaka kumi, akitaka kujua ni kwa nini nilimgonga mwendeshaji wa bodaboda usiku kisha nikatoroka.

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji yaliyonifikisha hapo, kwa sababu naamini kwamba wengi wanaouziana magari haya ya kasi wao kwa wao, bila yadi wala dalali kati yao, wanafanya kosa lile lile nililolifanya mimi, na wengine wanaongeza juu yake kosa la kununua injini iliyokwisha kufa.

Sisi tuliokulia Bonde la Ufa hatukuhitaji kushawishiwa kulipenda gari hili. Tulikuwa wavulana wa shule tulipomwona dereva wetu Patrick Njiru akipita na Subaru yake katika mbio za magari za Safari Rally, na mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda mashindano hayo kwa Impreza ya buluu, vumbi lake tulilihesabu kuwa baraka. Mashindano yaliporejea katika kalenda ya dunia mwaka 2021, na Naivasha ikawa kitovu chake, mapenzi hayo yaliamka tena hata kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa enzi za McRae. Lakini magari yenyewe hayaongezeki. Kanuni zetu za uagizaji haziruhusu gari lililozidi umri wa miaka minane, na STI ya injini ya lita mbili, iliyouzwa Japani kwa miaka mingi, ilifikia mwisho wake kwa toleo la kuagia lililotangazwa mwaka 2019. Mlango wa bandari ya Mombasa kwa gari hilo unafungwa. Yaliyomo nchini ndiyo hayo, nayo yatazidi kupita mkono hadi mkono baina yetu, kila mara yakiwa yamechoka zaidi kidogo na yakiwa na historia ndefu zaidi ya kufichwa.

Mnunuzi aelewe kwanza tofauti ya kununua yadini na kununua kwa mtu binafsi. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtwika mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani wajibu wa kuuza kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno lolote kuhusu ubora huo. Mtu anayeuza gari lake moja alilokuwa akilitumia hana mzigo huo. Akikudanganya waziwazi unaweza kumshtaki kwa uongo wake, lakini akinyamaza tu, na wewe usiulize, hasara ni yako. Kwa hiyo maswali lazima yaulizwe, na majibu yaandikwe katika hati ya mauzo: je, injini imewahi kufunguliwa, ni kwa sababu gani, ni fundi yupi aliyeifunga, na kompyuta ya injini imewahi kubadilishwa ili kuongeza nguvu?

Swali hilo la mwisho ndilo wanunuzi wengi hulisahau, wakavutiwa na rimu na sauti ya ekzosi. STI ya mwaka kama wa langu ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280, na zile zilizoanza mwaka 2007 zikafikia 308. Nguvu hizo tayari ni nyingi kwa injini ya lita mbili, tena injini ambayo silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kila upande, badala ya kusimama wima. Kijana akiipeleka kwa mtu mwenye kompyuta ya mkononi na kumwambia aongeze msukumo wa turbo, ile pampu inayoisindilia injini hewa, huku akiendelea kujaza petroli ya kawaida badala ya ile ya oktani ya juu ambayo injini hii ilikusudiwa kunywa, mafuta huanza kuwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Mlio wake ni mdogo, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe, nao hufunikwa kabisa na ekzosi kubwa na redio. Matokeo yake ni pistoni iliyomeguka.

Adui wa pili ni upungufu wa oili. Injini hizi hula oili, hasa zinapoendeshwa kwa nguvu, na mwenye gari asiyechomoa kijiti cha kupimia kila anapojaza tangi atagundua ukweli siku beringi ya konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, itakapoanza kugonga. Nasema haya kwa kuwa yalinipata. Niliingiza gari langu nchini mwaka 2013, nikalitunza vizuri nilivyodhani, na safari moja ya kutoka Eldoret, nikipanda milima nikiwa na haraka isiyo na maana, beringi ikaenda. Injini ilifunguliwa yote, fito ya kranki inayozungushwa na pistoni ikabadilishwa, na gharama yake sikumwambia mke wangu kwa muda wa mwezi mzima.

Ndiyo maana ninamshauri mnunuzi afike kwa muuzaji asubuhi na mapema, tena amwombe kabla ya siku hiyo asiliwashe gari. Aweke kiganja chake juu ya injini kabla ya kitu chochote kingine. Ikiwa ina joto, aulize kwa nini, kwa sababu injini inayogonga ikiwa baridi mara nyingi hunyamaza ikishapata moto, na muuzaji mjanja analijua hilo. Kisha ailipe gereji ya watu wanaoyajua magari haya, si fundi wa kona, ipime kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa, ya silinda zote nne. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake watatu, hakuna bei ya kutupa itakayolifanya gari hilo kuwa rahisi. Mkanda wa taimingi, unaoongoza vali za injini, nao una maisha yake ya takriban kilomita 100,000, na ukikatika vali hukutana na pistoni. Asiyeweza kuonyesha risiti ya kuubadilisha, ihesabiwe kwamba hakuubadilisha. Tairi zote nne ziangaliwe kwa pamoja, kwa kuwa gari linalosukumwa na magurudumu yote huumia ndani likivishwa tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma.

Karatasi za Japani nazo huzungumza, kwa anayezisoma. Karatasi ya mnada ambako gari liliuzwa huko, ikionyesha alama ya R mahali pa gredi inamaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Cheti cha kuuzia nje ya Japani na kile cha ukaguzi uliofanywa kabla ya gari kupakiwa melini vina kilomita zilizosomwa siku hiyo. Nimewahi kuonyeshwa STI yenye kilomita 78,000 kwenye dashibodi ilhali cheti chake cha miaka mitano nyuma kilisoma 112,000. Mwenyewe aliniambia kwamba alikuwa hajaliona hilo. Nambari ya chesi na ya injini zilinganishwe na logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, kwa maana injini nyingi za magari haya zimekwisha kubadilishwa, na injini ngeni ambayo haikusajiliwa itakuwa kesi ya mnunuzi, hata kama ni nzuri kuliko ya kwanza.

Kwa upande wangu niliamua kusema yote. Kila aliyepiga simu nilimweleza kwamba beringi ilikufa na injini ikafungwa upya, nikampa risiti na jina la fundi. Wateja watatu hawakupiga simu tena. Wa nne, mtu mzima kabisa, alinikalisha chini kama mwanawe akaniambia, "Mzee, mambo kama hayo hayasemwi." Kijana aliyelinunua alisema kwamba alikuja kwa sababu ya zile risiti, na hadi leo simlaumu kwa namna alivyolinunua. Ninamlaumu kwa alichokifanya baadaye, au tuseme, kwa ambacho hakukifanya.

Kuhusu kulijaribu gari barabarani nitasema machache tu. Muuzaji aendeshe kwanza, mnunuzi akae kando asikilize. Anayejaribu aonyeshe leseni yake, na muuzaji ahakikishe kwamba bima yake inamkinga mtu mwingine akishika usukani, maana bima nyingine humtambua mwenye gari pekee. Mmoja wa waliokuja kwangu alifika na wenzake watatu, wote wakaingia, na kabla hatujamaliza mji alikuwa amekwisha kulifikisha gari mwendo wa maradufu ya kilomita 50 zinazoruhusiwa. Nilimwomba asimame, nikazitia funguo mfukoni, nikawaachia nauli ya matatu.

Malipo tuliyafanya benki, kwa kuwa fedha zilizidi kiwango ambacho M-Pesa inaweza kupitisha, na hundi ya shilingi milioni moja au zaidi haikubaliki nchini. Wakili alitushuhudia tukitia saini, nakala za vitambulisho na pini za KRA, yaani nambari zetu za kodi, zikaambatanishwa, na muda wa kukabidhiana ukaandikwa hadi dakika. Mnunuzi mwangalifu angefanya pia jambo ambalo yule kijana hakulifanya, nalo ni kutafuta katika sajili ya haki za dhamana juu ya mali inayohamishika, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017, kama gari limewekwa rehani kwa mkopo. Langu halikuwa na deni, lakini yeye angelijuaje?

Nami ndipo nilipokosea. Nilianzisha ombi la kuhamisha umiliki katika mtandao wa mamlaka ya usafiri, nikajaza maelezo ya kijana, nikampa funguo na logibuku. Kilichobaki ni yeye kuingia katika akaunti yake, kukubali na kukamilisha. Aliniahidi kwamba angefanya hivyo mwisho wa mwezi, akishapata mshahara. Nilipaswa kumwambia, "Basi njoo uchukue gari mwisho wa mwezi." Sikumwambia, kwa sababu fedha zilikuwa zimekwisha kuingia na niliona aibu kumshuku.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema katika kifungu cha 8 kwamba mtu ambaye jina lake limesajiliwa huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinakataza gari lililouzwa kutumiwa barabarani kwa zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Kijana alilitumia miezi saba, akamuuzia mwingine kwa karatasi tu, na huyo naye akamuuzia wa tatu, ambaye ndiye aliyemvunja mguu mwendeshaji wa bodaboda. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesajiliwa. Barua ya madai kutoka kwa wakili wa majeruhi ilikuja kwangu, na simlaumu wakili huyo, kwa sababu alitafuta mwenye gari akapewa jina langu. Hati yangu ya mauzo ndiyo iliyonikinga kwa kiasi, ila nimelipa wakili wangu mwenyewe, nimesafiri mara nne kuandikisha maelezo, na majeruhi hajui bado ni nani atakayemfidia.

Ombi langu kwa wanaosimamia usajili ni moja. Muuzaji apewe njia ya kutoa taarifa ya mauzo peke yake, akiambatanisha hati iliyoshuhudiwa na wakili, na taarifa hiyo itoshe kuonyesha katika kumbukumbu kwamba gari limetoka mikononi mwake tarehe fulani, hata kama mnunuzi amelala. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za magari zilichukuliwa, muuzaji hujulisha mamlaka mwenyewe kupitia mtandao siku ile ile, wala hamsubiri mnunuzi apate mshahara. Kwa gari lolote utaratibu huo ungefaa, lakini kwa gari lenye nguvu za farasi 280, ambalo linanunuliwa na watu wenye umri wa miaka 24 na kuuzwa tena baada ya miezi michache, ucheleweshaji wa wiki moja ni mrefu mno.

Wanunuzi nao wasidhani kwamba kukaa bila kusajiliwa ni ujanja. Anayelitumia gari lililo katika jina la mtu mwingine hana uthibitisho kwamba ni lake, na kampuni ya bima itapata hapo sababu ya kubishana naye siku atakapodai.

Gari lenyewe, niandikapo barua hii, limo katika ua wa kituo cha polisi. Taa ya mbele upande wa kushoto haipo, na tairi mbili zimekwisha upepo. Yule wa tatu hajaonekana tena, na kituo kinasema kwamba hakiwezi kulikabidhi kwa mtu yeyote isipokuwa yule ambaye jina lake limo katika logibuku. Juma lililopita afisa alinipigia tena, safari hii kwa upole, akaniuliza nitakuja lini kulichukua gari langu.

Msomaji wako,
Nakuru