Mbayuwayu wa Nyaya Zetu Nimewaona Huku

London, 27 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na wadogo zangu uwasalimie sana. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu tu mlio mbali. Dhumuni la barua hii ni kujibu swali uliloniuliza nilipokuja likizo: wale mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme mbele ya nyumba yetu hapo Muheza, masika yakikolea hupotelea wapi?

Baba, huja Ulaya kutaga. Karibu na ninapokaa pana mabwawa kumi ya Walthamstow, yaliyoanza kuchimbwa karne ya 19 ili wakazi wa London wapate maji, na mpaka leo mamilioni ya watu hunywa maji yake. Eneo zima lina hekta 211, na tangu mwaka 2017 mtu yeyote huingia bila kiingilio. Mimi hupita humo asubuhi nikitoka zamu ya usiku, na siku nyingine usingizi wote huniisha kwa ninayoyaona.

Miti iliyokuwa mitupu tangu Novemba sasa imechipua, na korongo wa kijivu wanalisha makinda yao juu ya miti ya visiwani. Lakini ndege aliyenisimamisha muda mrefu ni kibisi, mkubwa kuliko kibisi wa kwetu, mwenye kishungi cheusi na manyoya ya rangi ya kutu mashavuni. Juzi nilishuhudia dume na jike wakitazamana, wakitikisa vichwa pole pole kana kwamba wanakataana jambo. Kisha wote wawili wakazama, wakaibuka kila mmoja na jani la majini mdomoni, wakainuka kifua kwa kifua huku miguu yao ikiyapiga maji. Hiyo ndiyo posa yao. Huniuma kukumbuka kwamba katika karne ya 19 vibisi hawa walikaribia kumalizwa Uingereza kwa sababu ya manyoya yao, yaliyopambia kofia za wanawake, na nawaheshimu sana wanawake wenzao waliolikataa jambo hilo, akiwamo Emily Williamson, aliyeanzisha chama cha kuwalinda ndege mwaka 1889.

Mbayuwayu wa kwanza nilimwona wiki mbili zilizopita, asubuhi yenye baridi ya kuuma vidole. Alipita chini kabisa, kifua kikikaribia kugusa maji, akiokota wadudu, halafu akatua juu ya uzio hatua chache tu kutoka niliposimama. Niliuona vizuri mgongo wake wa buluu iliyoiva, koo jekundu kama udongo wa shambani kwetu, na ncha mbili ndefu za mkia. Uzito wake ni kama gramu 20 tu, na alikuwa ametoka kuivuka Sahara.

Sitaki nikudanganye, Baba: huenda huyu si mmoja wa wale wa Muheza, kwa kuwa mbayuwayu wa Uingereza huenda mpaka Afrika Kusini. Jambo hilo lilithibitishwa na ndege aliyevishwa pete mguuni huku mwaka 1911, akapatikana Natal, huko huko Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912. Wale wa kwetu huenda wanatoka nchi nyingine za kaskazini, ila ni ndege wa aina ile ile, na sababu ya safari ni ile ile: wakati wa kiangazi huku wadudu ni tele na mchana hudumu zaidi ya saa 16, hivyo wazazi wana muda mrefu wa kuwalisha makinda. Baridi ikirudi wadudu huadimika, nao hufunga safari ya kurudi kusini.

Nina ombi moja. Kwenye ile kalenda ya ukutani unayoandikia siku za mvua, naomba uniangalizie kama uliandika ni lini nyaya zilibaki tupu mwaka huu, na kuanzia Septemba uwatume wadogo zangu wachungulie kila asubuhi mpaka waone wa kwanza kurudi. Mimi nami nimenunua daftari, na nitaandika siku watakapoondoka hapa mabwawani, ili ukinipigia simu tulinganishe tarehe zetu.

Ni mimi mwanao,
wa London