Barua kwa mwanangu anayepanda Sutherland

Mwanangu Rehema,

Huku hatujambo, ila mimi usingizi umenipaa tangu uliposema Julai mnapanda Sutherland kwenye darubini. Nimeulizia: kutoka Cape Town ni karibu kilomita 370, na baridi ya huko inagandisha maji. Nakuomba kitu kimoja. Ukishakesha, usishike usukani. Lala kwanza.

Habari za vibete kahawia nimezielewa kuliko unavyodhani. Wingu la gesi na vumbi linajikunja kwa uzito wake, katikati panapamba moto; joto likifika nyuzi milioni kadhaa, haidrojeni inaungana kuwa heliamu, nyota imezaliwa. Lakini kitu kisipofikia takriban asilimia 8 ya uzito wa Jua, elektroni zake zinabanana hadi zinagoma kubanwa zaidi, basi kinaacha kujikunja kabla joto halijatosha. Hicho ndicho kibete kahawia; kazi yake inabaki kupoa tu. Umenifurahisha uliponiambia kwamba Teide 1, kimojawapo cha vya kwanza kupatikana, mwaka 1995, kimo kwenye lile kundi la nyota la Kilimia. Babu yako alikuwa haanzi kulima mpaka aitazame hiyo Kilimia, na hakujua humo mna visivyowaka! Tena kilithibitishwa kwa lithiamu, elementi nyepesi: nyota ndogo huiunguza ikaisha mapema, hicho bado kilikuwa nayo. Waliowaza hivyo wana akili.

Lakini ulinipigia saa nane za usiku kunieleza hayo, na alfajiri ulikuwa barabarani. Unafikiri sikusikia honi? Hiyo Gliese 229B, kibete kahawia kingine, waliitazama karibu miaka thelathini wakidhani ni kimoja, 2024 ndipo wakabaini ni viwili vinavyozungukana. Sasa wewe unakimbilia nini? Mpe mwenzako aendeshe, au mlale hukohuko mpaka jua lichomoze.

Baba yako anawaambia watu msikitini kwamba unasomea hali ya hewa. Nimechoka kumsahihisha. Picha yako lakini kaitundika sebuleni, juu ya ile yake.

Tangi la maji limepasuka tena na fundi anataka laki na nusu. Usitume hela, nunua koti zito. Na ufunguo wa kabati la vyombo, hukuondoka nao? Tumepekua nyumba nzima, na wageni wa arusi wanaingia Ijumaa.

Mama yako