Mheshimiwa Waziri wa Nishati, mtungi tunao, gesi ndiyo hatuna

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote kutoka Kilosa. Mimi ni mama lishe, napika chai, chapati na maharage karibu na stendi. Barua hii nimeiahirisha tangu mwaka jana nikijiambia serikali ina mambo mengi. Jumanne iliyopita subira iliniishia.

Siku hiyo binti yangu wa darasa la sita alirudi kutoka porini mikono mitupu. Askari wa doria walimkuta anakata kuni, wakachukua panga na kamba. Hawakumpiga, nashukuru. Lakini alitetemeka mpaka usiku, na kesho yake hakwenda shule. Kuni hizo zilikuwa za kuchemshia maharage, Mheshimiwa, katika nyumba yenye mtungi wa gesi wa kilo 6. Mtungi upo chini ya meza, mtupu.

Niliununua kwa ruzuku. Tulipanga foleni tangu alfajiri, kitambulisho cha NIDA mkononi, tukalipa nusu bei, tukapigwa picha. Nilitabasamu kwa moyo wote, maana niliamini. Gesi ile iliisha siku ya tisa; maharage yanakula moto. Kwenda kujaza nikaambiwa 25,000, na bodaboda juu yangu. Siku nikibaki na faida ya 5,000 nimshukuru Mungu. Mkaa nanunua kopo la leo, na kesho jingine. Gesi nani ataniuzia ya leo tu?

Tarehe 8 Mei 2024 Mheshimiwa Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia: ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano ulioahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Nilisikia redioni nikapiga makofi peke yangu jikoni, macho yakiwa yananitoka machozi ya moshi. Serikali yenyewe imetuambia moshi huu unaua Watanzania wapatao 33,000 kila mwaka. Mama yangu amepikia kuni maisha yake yote, na tangu nipate akili namsikia akikohoa. Mimi nimeanza mwaka huu.

Sijui kwa nini kujaza ni ghali hivi. Naambiwa gesi ya mtungi si ile inayochimbwa hapa nchini, Songo Songo na Mnazi Bay, hii huja kwa meli kutoka nje, na nadhani kila mkono inaopitia mpaka kufika huku unaongeza chake. Wengine wanasema tupikie umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, nami najivunia. Lakini mteja mdogo anapata uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Akizivuka, uniti inakuwa 350. Kwa biashara yangu nitazivuka kabla mwezi haujafika nusu.

Taarifa zinazosomwa zinataja mitungi iliyogawiwa. Mheshimiwa, hesabuni mitungi iliyojazwa mara ya pili. Piteni nyumba kwa nyumba huku kwetu muulize swali hilo moja. Mitungi mingine imegeuzwa kiti cha watoto.

Ruzuku ihamieni kwenye gesi yenyewe. Mtungi tunao tayari. Dar es Salaam kuna mitungi yenye mita, mtu analipia kwa simu kidogo kidogo kama umeme; ifikisheni na Kilosa, ninunue gesi ya 2,000 asubuhi nipike, jioni nikipata ninunue tena. Msitufungie pori kabla hamjatushushia bei ya kujaza. Shusheni bei ya kujaza, Mheshimiwa. Sina ombi jingine.

Binti yangu ameniuliza kama Jumamosi aende tena porini. Bado sijamjibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama lishe, Kilosa