Vijana wanaojitolea kwenye matamasha wasiachwe hivi hivi

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Msimu wa matamasha ukikaribia naona vijana wa huku kwetu Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda, wanaanza kutumiana fomu kwenye simu, jaza jina, jaza namba, weka picha, utaingia bure siku zote na tisheti utapewa, na haipiti muda fomu imeshajaa. Mimi sipingi jambo hilo hata kidogo, nimejitolea mwenyewe zaidi ya mara moja na nitajitolea tena, kwasababu muziki naupenda na pale getini unakutana na watu ambao usingekaa ukutane nao popote. Lakini kuna kitu waandaaji wetu hawapendi kukizungumza na mimi naomba nikizungumze hapa: mtu akikupa usiku wake mzima bila mshahara, wewe unadaiwa, na hilo deni halilipwi kwa tisheti.

Sisi watu wa Jinja faida ya tamasha tunaijua. Tangu tamasha la muziki la Nyege Nyege lianze 2015 mji wetu umepata jina mpaka nje ya Afrika, vyumba vinajaa huku mpaka ng'ambo ya Njeru, boda wanapata, wakaanga rolex, zile chapati za mayai, hawalali. 2022 wabunge walipotaka lisimamishwe ilikuwa kelele nchi nzima, mwisho serikali ikaruhusu kwa masharti na likafanyika kwenye maporomoko ya Itanda. Kwenye mabishano yote yale nilisikia hesabu za hoteli, za tiketi, za wageni, za maadili pia, ila hakuna aliyeuliza kijana anayefunga bangili mikononi mwa wageni analala wapi na anarudije kwao.

Maana kazi ya volontia si kuangalia shoo jamani. Ni kukagua tiketi, kuelekeza magari kwenye matope, kuokota chupa asubuhi wengine wakiwa wamelala kwenye mahema, kusimama kwenye uwazi wa uzio mbele ya steji watu wasizibe njia. Na sisi tunaojua Kiswahili tunaongezewa nyingine juu yake, kwasababu wageni wanatoka Kenya, Tanzania, Kongo, na wafanyakazi wengi pale wanaongea Luganda na Kiingereza tu, kwa hiyo usiku kucha unaitwa huku na huku ukatafsiri.

Niliwahi kufanya kwenye tamasha moja, si la hapa Jinja na jina lake nitaliacha. Ilikuwa kama saa nane usiku nikaitwa mbio kwenye hema la huduma ya kwanza, kuna dada Mkongomani ametolewa mbele ya steji, amekaa chini ameegemea kreti la soda, anasema kifua kinabana na nesi haelewi anasema nini. Nikapiga magoti nikawa namuuliza na kumrudishia nesi, una pumu? dawa yako iko wapi? umekunywa nini? Pumu alikuwa nayo, na dawa ilibaki kwenye begi la mwenzake huko ndani ya watu. Nesi akasema aitwe ambulansi isogee. Nikatoka kwenda kwa kijana aliyekuwa amesimama pale kwenye njia ya gari, namkuta redio yake imezima chaji toka jioni, yuko pale pale toka saa sita mchana, hajabadilishwa, chakula alikula mara moja, na nilipomuuliza gari linaingilia geti gani akaniangalia tu. Hakuna aliyemwonyesha. Namtetea mpaka leo, kwasababu yeye hakukataa kazi, aliwekwa pale kama kigingi na watu wakaenda zao. Yule dada alipata nafuu, mwenzake alipatikana na dawa. Ila ilikuwa bahati, na usalama wa watu elfu nyingi hauwezi kuachiwa bahati.

Watu wanadhani kwenye msongamano mtu anakufa kwa kukanyagwa. Wengi wanakufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa pande zote pumzi haiingii. Wakishafika kama 5 kwenye mita moja ya mraba na wakaendelea kuongezeka, hutembei tena kwa miguu yako, unabebwa tu, na wa nyuma hajui kinachotokea mbele. Hapa kwetu tumeshalia, usiku wa kuamkia 1 Januari 2023 pale kwenye jumba la maduka la Freedom City barabara ya Entebbe, watu wametoka kuangalia fataki, wakafa wasiopungua 9, wengine watoto. Na mtu wa kwanza kuona hali inaharibika mara nyingi ni huyu wa getini au wa kwenye uzio, sasa kama yuko macho kwa soda peke yake, ataona nini?

Wenzetu hili walishalipanga. Denmark kuna tamasha la Roskilde, lilianza 1971, wanaojitolea ni kama 30,000, na volontia wa kawaida anajua mapema anadaiwa saa ngapi kwa tamasha zima, zikiisha zimeisha, anaenda kufurahi. Na wao waliumia pia, mwaka 2000 watu 9 walikufa mbele ya steji. Ila kilichonigusa zaidi ni pesa, faida ya lile tamasha inaenda kwenye misaada, na vilabu vya michezo vya vijana vinachukua mabanda na kazi, malipo yanaingia kwenye klabu. Hata Glastonbury ya Uingereza, walinda mageti wengi wanaletwa na shirika la Oxfam toka 1993, kijana anaweka dhamana ili asitoroke akishaingia, akimaliza shifti zake anarudishiwa, na tamasha linailipa Oxfam kwa ile kazi. Yaani jasho la mtu lina mahali linapokwenda na anapajua. Kwetu huku mwandaaji anauza tiketi, anauza bia, ana wadhamini, na mshahara ambao hakumlipa volontia unabaki kwake. Hapo ndo pananiuma.

Kuna watakaosema si walikubali wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Ni kweli walikubali, ila walikubali nini? Fomu haina saa, haina jina la msimamizi, haisemi ukiugua nani anakulipia kliniki. Binti wa miaka 19 anamaliza shifti saa tisa usiku, boda wamepandisha nauli, barabara haina taa, na mama yake nyumbani anajua mtoto yuko "kazini".

Kwa hiyo waandaaji, fomu za msimu huu zikianza kuzunguka, andikeni humo humo shifti ni saa ngapi, maji na chakula vitatoka wapi, gari la kuwarudisha watu wa usiku litasimama wapi, na siku moja kabla wapitisheni wote uwanjani kwa miguu waone kila mlango wa dharura. Alafu msiwachukue mmoja mmoja, chukueni vikundi. Ipeni timu ya mpira geti moja, kikundi cha akina mama sehemu ya usafi, vijana wa msikitini au wa kanisani parkingi, na klabu ilipwe, hata kama ni kidogo, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, ile serikali ya mtaa. Timu zetu hapa Walukuba zinacheza na mipira iliyochanika. Mwandaaji atakayekuja kuzungumza nazo kabla hajafungua fomu, mimi mwenyewe nitamtembeza timu kwa timu.

Wako,
Mkazi wa Walukuba, Jinja